Kola Isiyo na Shingo

Jumanne, tarehe 9 Juni. Mawingu tangu asubuhi, hewa nzito, mvua hakuna.

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani. Hushona sare za walinzi na wahudumu wa hoteli. Mwaka jana mwanawe wa pekee, askari, alifariki kazini. Dada hakulia msibani, wala baadaye. Alirudi kwenye cherehani, akapika, akafua. Ukimuuliza hali, anasema nzuri, kama anayejibu simu ya namba ngeni. Kisha akaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu wa uchoraji, jirani wa mtaa wa pili.

"Nifundishe rangi za mafuta. Nataka nimchore mwanangu kabla sijamsahau."

Mwalimu akampa sharti: anakili kwanza picha ya jenerali wa zamani, iliyokatwa kwenye kitabu kilichochakaa. "Ukimmaliza huyu, tutaanza wa kwako."

Tangu hapo sebule ya dada na mumewe inanuka tapentaini ya kuyeyushia rangi. Jumanne hiyo nilimkuta dada mbele ya turubai, futikamba shingoni, akipaka kifungo cha mwisho. Koti lilikuwa limekamilika: mshono wa bega umelala sawa, nishani zimepangwa, hata uzi wa matundu ya vifungo unaonekana. Juu ya kola, hakuna mtu.

"Shemeji," mumewe aliniambia kutoka kwenye kochi, "jenerali wetu kapeleka kichwa kwa kinyozi. Tunakisubiri."

"Wewe chako unacho," dada alisema bila kugeuka, "na umekifanyia nini?"

Alasiri mwalimu akaja kukagua. Aliinama, akaitazama kola kwa muda. Ndani yake, mahali pa shingo, dada alikuwa amechora bitana, kitambaa cha ndani, na mkunjo wake, kama ya koti lililotundikwa kwenye henga.

"Fundi, koti hili ningelivaa hata kesho. Lakini umeweka bitana. Shingo itapita wapi?"

"Kola haiachwi hivihivi ndani, mwalimu. Inaonekana ovyo."

"Jenerali yumo humo ndani ya koti."

Shemeji akapunguza sauti ya redio.

"Nikiweka uso," dada akasema, kwa sauti ileile anayotajia vipimo, "utatoka wa mwanangu. Juu ya sare sioni uso mwingine."

Mwalimu hakusema pole. Alimpa kisu cha rangi. "Kwangua. Bado mbichi, itatoka."

Akakwangua bitana yote. Akapaka shingo, kidevu, masharubu, rangi nyepesi kwanza, nzito baadaye, kila mara akirudi kuitazama picha ya kitabuni. Taa zilipowashwa uso ulikuwa umetokea: mzee mnene, mashavu yameshuka, kanuna.

"Kama kanyimwa chai," shemeji akasema.

Dada alirudi nyuma hatua moja. Mimi nilikuwa nikimtazama yeye, si picha. Uso wake haukubadilika.

"Ni jenerali tu," akasema, akaanza kufuta brashi moja moja kwa kitambaa.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kutoka, dada aliwamba kwenye fremu turubai ndogo ya kumchora mwanawe, akaipaka rangi ya kahawia hafifu, akaiegemeza dirishani ikauke. Kisha akaenda kazini, akaunga mikono ya sare za walinzi hadi mchana.