Sindano ya Mtunza Ghala

Delphine Goodsky, Mwojibwe, mmoja wa wenyeji asilia wa Amerika, aliyekuja mara tatu kutazama vitu vya wazee wake, hakumwamini hata kidogo mtunza ghala wa makumbusho ya jimbo. Mtu gani ananong'ona kutwa kama yuko msibani? Kila boksi alilifungua kwa vidole viwili, glovu nyeupe hadi kwenye vifundo, kisha akabaki ameshika ukingo wake kama mwenye duka anayemchunga mteja. Na lile neno lake: "Salama kabisa." Leo alitoa viatu vya ngozi vya mtoto mchanga, akavigeuza soli juu kwa fahari. "Kimoja kilikuwa kimetoboka, mama. Nimekishona mwenyewe, hata huoni."

Delphine aliona. "We baba wewe! Tundu lile tulilitoboa sisi. Wafu wakija kumwita mtoto, awaambie kiatu kimetoboka, safari hawezi."

Kwa mara ya kwanza, mkono wenye glovu uliachia boksi.

"Na vingine umeshona vingapi?"

Macho ya mtunza ghala yalipanda polepole, rafu baada ya rafu za maboksi, hadi darini.