Kijani Peke Yake Kwenye Chupa

Kuna kiumbe anayekula mwanga wa jua, mwanangu, na bado anaweza kufa njaa juani. Nilimwona akifa ndani ya chupa yangu.

Nakumbuka siku hiyo vizuri. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya biolojia, nimerudi kijijini kwa bibi yangu, upande wa Wamaza, kwa ajili ya chemchemi ya maji moto iliyo chini ya kijiji. Mawe yake yamevaa utando laini: juu kijani, chini rangi ya chungwa. Huo utando ni bakteria, viumbe wadogo wasioonekana mmoja mmoja. Wale wa kijani hujipikia chakula kwa mwanga, kama jani la muhogo. Mimi na mwanafunzi mwenzangu Amisi, kijana wa Nyangwe, tulipewa kazi moja: kuwafuga wakiwa hai mpaka siku ya kusimama mbele ya walimu. Wakifa, mwaka umepotea.

Tukagombana. Kila mmoja alitaka jina lake litangulie kwenye ripoti. Basi tukagawana utando kama nyama ya mawindo, mimi kijani, yeye ile ya chini niliyoiita takataka. Niliona nimempunja. Anayejilisha mwenyewe anamhitaji nani?

Nikaosha kijani changu kikawa safi kabisa, nikaweka chupa juani ndani ya sufuria ya maji ya moto, nikiyabadilisha kila yalipopoa. Kikafifia. Kikawa kama majivu.

Bibi alikuwa analoweka muhogo.

“Muke mwenzangu,” akaniita kwa utani wa bibi na mjukuu, “sura yako iko kama ya mutu bwana yake amekimbia. Amisi iko wapi?”

“Iko na chupa yake, bibi. Na mimi niko na yangu.”

“Na yako imekufa.”

Akachota konzi ya muhogo wa zamani uliokwisha kulainika, akautia katika chungu cha muhogo mpya, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya ili uchachuke upesi.

“Ya leo inangojea ya juzi,” akasema. “Inaipa nini, sijui. Lakini weye umefukuza mwenzako, halafu unashangaa kubaki peke yako? Enda umutafute.”

Amisi alikuwa kwa mjomba wake, karibu na soko. Aliponiona akacheka. “Mama Profesa amekuja kuomba takataka?”

“Nimekuja kuiomba,” nikamjibu.

Tukashuka pamoja mpaka kwenye chemchemi, tukabandua utando mzima, juu na chini, bila kuosha. Siku ya walimu chupa ilikuwa kijani kibichi, na majina yetu yakaandikwa mstari mmoja.

Mwanangu, mafiga mawili hayainjiki chungu. Kipaji chako ni chako, sikatai. Lakini kabla ya kumwita jirani takataka, chunguza kwanza nani anakuweka hai. Mungu akupe majirani wema, na akupe macho ya kuwaona kabla hujawaosha.

Baadaye nilisoma kwamba baadhi ya bakteria wa namna hii hupokea vitamini kutoka kwa wenzao, na wengine huondolewa hewa isiyowafaa. Wale wa chemchemi yetu walipokea nini, na kwa jirani yupi? Amisi na mimi tulitafuta. Mpaka leo hatujui.