Nyuzi Nilizompa Deo

Leo nimesikia nyuzi zangu zikilia kwenye gitaa la mwenzangu.

Wiki iliyopita nilizunguka mjini Morogoro kutafuta nyuzi za besi za bei nafuu. Nikapata, zinang'aa kweli.

Zile kuukuu, zilizokwisha mlio, nikampa Deo, mpiga besi wa kwaya ya Mlali. Nilimwonea huruma.

Leo kwaya zetu zimekutana kanisani.

Nikaanza mimi. Nyuzi mpya zikalia kama mtu anagonga ndoo.

Akafuata Deo. Jamani. Besi ilitembea hadi kwenye mabenchi. Mama yangu, mama yangu mzazi, akanyanyuka akaenda kumtunza, akamfunga kitenge chake kipya begani.

Nikamfuata Deo nje.

"Umezifanyaje zile nyuzi?"

"Nilizichemsha tu, kaka. Uchafu ukatoka, mlio ukarudi. Sufuria ileile ya maharage."

Halafu kwa upole kabisa: "Na hizo mpya zikikuchosha, usizitupe."

Nyie mngemjibu nini? Mimi nilicheka meno tu.

Mama kamwalika chakula. Sasa hivi Deo kakaa sebuleni kwetu na kitenge chake, mimi nimetumwa kukamata jogoo.