Siku Ukuta wa Kanisa Uliponitaka Nimwombe Mama Ruhusa

Jamani, aibu hii nimeibeba peke yangu vya kutosha, leo naitua hapa mnicheke wote kwa pamoja tumalize, maana mkinicheka mmoja mmoja kila nikipita mtaani kwetu Nzuguni nachoka.

Kwanza mjue kwamba kampuni za magemu siziamini hata kidogo. Niliwahi kununua gemu la mbio za magari, siku moja nawasha naambiwa wenyewe wamezima mitambo yao, basi, gemu limekufa (mpaka leo sielewi kitu nilichokinunua kinakufaje bila mimi kupewa taarifa). Ndiyo maana walipoleta haya mambo ya kulipia kila mwezi, unalipa unacheza, unaacha unabaki kukodolea macho kioo, nikawa mhubiri wa kuwapinga, pale karakana ya Kizota ninapochomelea mageti hakuna fundi ambaye sikumwonya.

Sasa kanisani ikatangazwa siku ya familia, vijana wakataka mashindano ya gemu la mpira, lionekane ukutani kwa projekta, na mwenye mashine ya kuchezea ni mimi. Gemu lenyewe sikuwa nalo, liko kwenye hiyo hiyo huduma ya kila mwezi. Ningekataa, lakini mzee wa kanisa ni Mzee Chilongani, baba yake Neema ninayetaka kumwoa, na barua yetu ya posa ilikuwa kwake haijajibiwa, na nilishasikia anasema mtu mzima anayecheza gemu bado hajakua. Nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha kwamba nimekua.

Nikajiunga kwa shingo upande. Walipouliza tarehe ya kuzaliwa nikasema hawa hawanipati, nikaweka ya mpwa wangu wa darasa la pili, wakitaka kumfuatilia mtu wamfuatilie yeye. Ikakubali. Nikajiona mjanja kweli.

Siku yenyewe ukumbi umejaa, mama yangu katoka Kolo yuko mbele na kitenge kipya, Mzee Chilongani pembeni yake. Nabonyeza gemu lianze, ukuta mzima ukajaa maandishi ya Kiingereza. Nabonyeza tena, yale yale. Na kanisani kwetu, mjue, Kiingereza hakipiti bila mkalimani, akija mgeni, mwinjilisti wetu anasimama kutafsiri, kisha bibi mmoja anawatafsiria wenzake kwa Kigogo. Basi mwinjilisti kwa mazoea akashika maiki akausomea ukumbi ule ukuta.

"Anasema, wewe bado ni mtoto. Mwombe mzazi wako akuruhusu kucheza."

Kigogo kikafuata kule nyuma, na kicheko kikafuata Kigogo. Mimi nimeduwaa, mtoto gani, nani mtoto, (niwaambie ukweli, ile tarehe ilikuwa imenitoka kichwani kabisa, nilidhani mashine imeharibika) nikazidi kubonyeza, mwinjilisti naye anazidi kutafsiri, mara thibitisha kuwa una mzazi, mara mzazi ajitambulishe. Mama yangu, ambaye hajawahi kukataa wito wa kanisa, akainuka.

Akapokea maiki, akautazama ukuta, akaujibu kwa heshima zote kwamba mzazi ndiye yeye, alinizaa nyumbani Kolo mwaka wa njaa, nilichelewa kutembea, na ruhusa ametoa, ila nisikawie. Watu wakapiga makofi. Ukuta haukubadilika. Mama akanigeukia kuniuliza kama amekosea kusema, na mimi nikazidi kubonyeza.

Ndipo Mzee Chilongani akaja taratibu mpaka nilipo.

"Una umri gani, kijana?"

"Thelathini na mbili, mzee."

"Na huko ukutani?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Nikamwambia, minane, mzee, niliwadanganya kwa sababu siwaamini.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. "Sawa. Na ile barua uliyoniletea mimi, ndani yake kipi ni kweli?"

Mashindano yakageuzwa kuwa ya kuvuta kamba, na mashine nikaifunga kwenye kitenge cha mama kama mzigo wa sokoni.

Jibu la posa lilikuja, tena kwa mama, si kwangu. Hawakatai, ila nipeleke kwanza cheti cha kuzaliwa. Na mimi cheti sina, sikuwahi kuandikishwa, kwa hiyo sasa hivi ni safari za Kondoa, wilayani nilikozaliwa, mara lete shahidi, mara njoo wiki ijayo.

Nimeapa, mashine yoyote ikiniuliza siku niliyozaliwa naipa yote, na mwaka wa njaa naitajia. Zile kampuni bado siziamini. Lakini kuna mtu mmoja haniamini mimi, na huyo ndiye ninayetaka anipe binti yake.