Picha Pekee ya Mama

Je, mama angetaka nibaki naye pichani? Ukubwani nimeanza kujipiga picha mwenyewe, peke yangu sebuleni hapa Nzuguni. Kila nifunguapo mfuko wa kamera, harufu ya ngozi ya mfuko huo hunirudisha Mpwapwa, kwenye mkoba wa ngozi ambamo shangazi alitoa picha pekee ya mama, jioni ya kuamkia maziko yake. Pichani, mama alikuwa amenipakata.

“Hii ndiyo itakayowekwa juu ya jeneza,” shangazi alisema.

“Na mtoto akiwa humo?” jirani alishtuka. “Atamfuata mama yake huyo, dada!”

“Acha hizo! Wewe ulipiga picha na marehemu bibi yako, mbona bado unanimalizia chai?”

Walicheka kidogo, wakaendelea kuchambua mchele. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikiwasikiliza. Nilimtaka mama, lakini niliogopa kufukiwa. Nikaamua.

Asubuhi yake, kabla waombolezaji hawajaamka, nilichukua picha ile na mkasi wa cherehani, nikajikata taratibu kutoka mapajani mwake. Vidole vyangu tu vilibaki, kwa sababu alikuwa amevishika.