Kiingereza cha Dereva wa Gari la Maiti

Shemeji yangu, mume wa dada, ameendesha gari la maiti tangu dada akiwa na mimba ya kwanza, na barabarani sijaona mtu mpole kama yeye. Kuku akikatiza, anasimama. Mkokoteni ukiwa mbele, anaufuata bila kupiga honi. Mtaani wanamwita Mwendopole na jina halimkeri. Kinachomkera ni ukimya. Kampuni inakataza mtu kukaa naye mbele, waombolezaji hupanda magari mengine, kwa hiyo kutwa nzima hana wa kumsemesha.

"Nimechoka, shemeji," aliniambia siku moja jikoni, akimenya vitunguu. "Nataka abiria anayejibu. Hata akinitukana, sawa tu."

Ikatokea nafasi ya udereva katika ofisi moja ya wageni, kubeba wafanyakazi mjini. Usaili ungekuwa wa Kiingereza, kuhusu uendeshaji. Mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza katika familia, basi kazi ikaniangukia. Nilianza na maneno ya tabia mbaya za madereva, maana ndizo nyingi, tabia nzuri nikaziweka wiki ya pili. Mpango mzuri kabisa, na mpaka leo sioni kosa lake.

Tatizo ni kichwa cha shemeji. Hakishiki neno mpaka mikono ilitende. Nilipomfundisha "teligeti", yaani kumganda mwenzako kwa nyuma, kesho yake alimganda mwenye teksi kutoka sokoni mpaka hospitali, jeneza likiwa ndani. Mwenye teksi alipotazama kioo na kuona kinachomfuata, aliingia hospitalini moja kwa moja akaomba kupimwa.

"Ovateki" aliifanyia mazoezi kwenye msafara wake mwenyewe. Aliwaacha waombolezaji wote watangulie, kisha akawapita gari moja moja, akiwapungia mkono. Mjane alisema marehemu hata alipokuwa hai hakupenda kutanguliwa. "Rodi reji", hasira za barabarani, ndiyo iliyomtesa, kwa sababu hasira hana. Alisimamisha gari, akashuka, akamfokea muuza maji, halafu akamwomba radhi na kununua chupa mbili.

Dada akanijia juu. "Unaniharibia mume."

"Namfundisha."

"Unamfundisha nini?"

"Msamiati," nikasema, nikaondoka kabla hajashika mwiko.

Bahati mbaya usaili ukaletwa mapema, kabla hatujagusa tabia nzuri. Nilimkuta hukohuko ofisini, nikakaa kwenye benchi nje ya chumba. Mlango walikuwa wameuacha wazi kwa sababu ya joto. Mama mwenye miwani akamwuliza kwa Kiingereza huwa anaendeshaje gari.

Shemeji akanyooka kitini. Kwa matamshi safi, ambayo najivunia, akajibu kwamba humganda aliye mbele, huovateki kwenye kona, hupita taa nyekundu, na hasira zikimpanda hushuka garini. Hakukosea hata neno moja. Nilitamani kumpigia makofi na nilitamani ardhi inimeze.

"Na abiria wako," mama akauliza polepole, "huwa wanasemaje?"

"Hakuna aliyewahi kulalamika," shemeji akasema. "Wote wamekufa."

Walimuaga wakiwa wamesimama, mmoja wao nyuma ya kiti.

Nje nikapanda mbele, kanuni ya kampuni nikaitupa kule, nikamwakia. Nilimwambia hana akili. Nilimwuliza kwa nini hakutaja kwamba gari lenyewe ni la maiti. Nilimwambia kazi imeota mbawa, dada atanila nyama, na wiki yangu yote imepotea bure. Nilifoka kutoka geti la ofisi mpaka mtaani kwetu. Yeye aliendesha kwa mwendo wake, akiitikia tu, "Ndiyo, shemeji. Kweli, shemeji."

Nilidhani anajuta. Nilipomgeukia niliona machozi yanamtoka na mdomo unatabasamu.

Tukafika nyumbani. Dada alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anasubiri habari. Gari halikusimama.

"Umepitiliza," nikamwambia.

"Najua, shemeji." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Lakini hujamaliza kunigombeza."

Nilikuwa nimemaliza. Nikatazama huku na huku ndani ya gari, nikamwambia vioo vyake ni vichafu.