Kamera ya Kiooni

Mpaka leo kuna alama ya duara kwenye kioo cha mbele cha gari langu, karibu na picha ya Bikira Maria. Nimeisugua kwa sabuni, kwa majivu, hata kwa mafuta ya taa, na haitoki.  Hapo ndipo ilipokuwa imebandikwa kamera.

Nianze na sababu. Mimi ni mwanamke na ninaendesha gari mwenyewe, na mjini kwetu Baraka hilo peke yake ni kosa. Nanunua ndakala, dagaa wa ziwa letu, kwa wavuvi, nazipeleka Mboko, narudi na unga wa muhogo. Gari linanuka samaki mwaka mzima, hilo nimelizoea. Nisilozoea ni kulaumiwa. Chochote kikigusana na gari langu, mkosaji ni mimi, maana kwenye usukani amekaa mama. Safari moja lori lilirudi nyuma pale sokoni likanivunja taa, mchana kweupe, watu wamejaa. Mashahidi wote waliapa kwamba mimi ndiye niliyelifuata lori. Mmoja wao alikuwa mama jirani yangu ambaye mchuzi wake unapikwa kwa ndakala zangu. Nilitema mate chini mbele yao, nikasema nitajitafutia shahidi asiyekula cha mtu wala kumwogopa mtu.

Hivyo nikaenda dukani kwa bwana anayeuza chaja na spika karibu na bandari. Alinipangia kamera za gari mezani nichague. Ya kwanza ilikuwa imetengenezwa kama kioo cha kutazamia nyuma, pana kupita kiasi, nikaikataa. Ya pili ilikuwa na macho mawili, moja la barabarani na jingine la kutazama ndani ya gari. Nikamuuliza hilo la ndani ni la nini. Akacheka, akanieleza kuhusu mwenye teksi mmoja wa Uvira ambaye kila jioni anakaa na rafiki zake kuangalia wateja wa nyuma walivyokuwa wakishikana. Alisimulia kwa furaha, ulimi unapita kwenye midomo. Niliisukuma ile kamera kwa ncha ya kidole, kama mtu anavyomsukuma mende aliyekufa.

Nikachukua ya tatu. Ilikuwa ndogo, kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, na jicho moja tu la mbele, na nyuma yake kioo kidogo cha kutazamia, ukubwa wa kiberiti. Yule bwana aliisifia huku akiifunga.

"Mwenye macho haambiwi tazama, mama," aliniambia. "Lakini mwenye kamera, ule batamuambia onyesha."

Niliona ni maneno ya biashara tu.

Kuiweka kulinitia kinyaa zaidi kuliko kuinunua. Fundi wa umeme wa magari alisema waya haupaswi kuning'inia, lazima upite chini ya kitambaa cha dari, ushuke kando ya mlango. Alipokifungua kitambaa, yalitoka mambo. Zilitoka ndakala zilizokauka tangu enzi ya mwenye gari wa kwanza, mayai ya mende yamepangana, na fungu la nywele ambazo sitaki kujua ni za nani. Yeye alivipangusa kwa mkono, na mkono akaupangusa kwenye kiti changu. Kisha akakichukua kile kikombe cha mpira kinachonata kwenye kioo, akakilamba chote, kuzunguka ukingo, polepole, na kukikandamiza kiooni. Nilimuuliza kama hana maji. Akasema mate yanashika kuliko maji. Nikaondoka nimebana pua.

Lakini nisidanganye, wiki zile za kwanza niliipenda. Nikiwasha gari inanisalimia kwa Kichina, nami naiitikia kwa Kibembe. Nilipita katikati ya mji kichwa juu. Waliokuwa na mazoea ya kunitukana waliiona ile taa yake nyekundu, wakameza matusi yao.

Siku yenyewe nilikuwa natoka Mboko na unga. Pikipiki ya teksi ilinipita kwa fujo, imembeba mama wa makamo, amekaa upande kama mama wa heshima anavyokaa, beseni mapajani. Mbele kulikuwa na shimo ambalo kila mtu wa barabara ile analijua kama anavyoujua mlango wake. Mwenye pikipiki alikuwa amegeuka nyuma kunicheka, na shimo likamkuta hivyo. Pikipiki ilienda huku, mama akaenda kule. Nilikanyaga breki, na kati ya gari langu na yule mama, ng'ombe angeweza kupita bila kugusa kitu.

Nilitoka mbio. Mguu wake ulikuwa umevunjika chini ya goti, umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Kikwembe, kitenge alichojifunga, kilikuwa kimemtoka chote aliporuka, kikanasa kwenye pikipiki. Nilivua changu cha juu nikamfunika kabla sijamwambia neno. Yeye hakulia. Alikikusanya kile kitambaa kwa mikono miwili na kukishika kiunoni.

Nilitaka kumpakia twende hospitali. Lakini mwenye pikipiki alishainuka, hana hata mkwaruzo, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba nimemgonga. Sheria yao inajulikana. Ikianguka pikipiki moja, zote zinasimama. Walikuja kama inzi kwenye utumbo wa samaki, wakanizunguka, na mmoja akachomoa ufunguo wa gari langu. Mama alilazwa kwenye majani kando ya barabara. Nilipaza sauti kwamba huyu mtu ana mguu uliovunjika, wakasema mguu utangoja, kwanza ijulikane nani mwenye kosa. Akafika polisi wa barabarani. Hapo nikakumbuka shahidi wangu.

Niliwaonyesha. Vichwa vilisongamana kwenye dirisha la gari, jasho na harufu ya pombe ya asubuhi, mashavu yamegusana kwa ajili ya kioo cha ukubwa wa kiberiti. Ilionekana yote, pikipiki inavyopita, jamaa anavyogeuka, shimo, na gari langu liko mbali. Polisi alisema iko wazi. Nikaomba ufunguo wangu.

"Rudisha nyuma kwanza," mtu akasema.

Nikarudisha. Nilidhani wanataka kuhakikisha. Wakaniambia nirudishe tena, na mara hiyo mmoja alinyoosha kidole, na kidole hakikuwa kwenye pikipiki wala kwenye shimo. Kicheko kikapita kati yao, kile cha puani. Ndipo nilipoelewa. Walikuwa wanamtazama mama akiruka, kikwembe kinamtoka, mapaja yake na yote ambayo mama wa umri ule hajawahi kumwonyesha mtu ila mume wake. Niliwauliza kama hawana aibu. Mzee mmoja mwenye mvi, ambaye angeweza kuwa kaka yake, alinijibu bila kuondoa uso kiooni kwamba macho hayana pazia. Sijawahi kuichukia methali kama nilivyoichukia ile, wala mdomo kama ule ulioitoa. 

Nikafunika kamera kwa kiganja. Lakini polisi akasema bado. Mimi nimeponyoka, sawa, lakini kesho familia ya mama itakuja kusema wameonewa. Mtu wao anaitwa, anafundisha shule ya hapo karibu. Aone kwa macho yake akubali, ndipo ufunguo urudi na mama apelekwe.

Mtu mwenyewe akafika, anakimbia, chaki bado mikononi. Ni mume wa binti wa yule mama. Mama alipoisikia sauti yake aliinua kichwa kutoka kwenye majani. Mguu umepinda, midomo imekauka, na lile ndilo neno la kwanza nililomsikia akilisema.

"Ule ni mukwe yangu," alisema. "Musimuonyeshe."

Kwetu hakuna haja ya kueleza, lakini nitaeleza. Mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali naye sahani moja, hapiti mahali alipokaa, akimkuta njiani anashika pembeni. Mwanamume aliyeuona utupu wa mama wa mke wake hajui tena aingie vipi katika nyumba hiyo. Na mama yule alikuwa mjane, anaishi uani kwa binti yake, hana pa kwenda pengine. Alijua jinsi alivyoanguka. Alikuwa amelala pale anavisikia vile vicheko, anahesabu moyoni ni nani amekwisha kuona, na ameshasalimu amri kwa wote isipokuwa mmoja.

Walimsukuma mkwe mpaka dirishani. Wengine walikuwa wanatabasamu, wanasubiri uso wake utakavyokuwa. Polisi aliuondoa mkono wangu juu ya kamera na kubonyeza mwenyewe, alishajifunza. Yule mwalimu aliangalia watu wale, akamwangalia mama kule kwenye majani kwa pembe ya jicho, akaelewa. Akageuza mgongo. Kamera ilicheza yote nyuma yake, naye amesimama anaangalia ziwa.

Ilipokwisha akasema, "Nimeisha kuona, chef. Mama huyu wa gari hana kosa. Bamupeleke mama ku hopitali."

Mtu mmoja akapiga kelele kwamba hajaona kitu, ameangalia maji. Mwalimu akarudia kwamba ameona. Polisi alinirudishia ufunguo kwa uso wa mtu aliyenyimwa mchezo.

Tulimlaza mama kiti cha nyuma, juu ya magunia ya unga. Mkwe hakupanda, alifuata kwa miguu. Tulikuwa tumekwenda mwendo mzuri ndipo mama akauliza.

"Mukwe yangu aliona?"

Nikamwambia hakuona, aligeuza mgongo mbele ya wote. Akanirudisha niseme tena, nikasema tena. Hapo tu ndipo alipoanza kulia kwa ajili ya mguu.

Laiti ingeishia hapo. Nilipokuwa nabishana pale dirishani, kumbe kuna mkono ulioinua simu juu ya vichwa, ukapiga picha ya ile picha. Ikatembea. Ilifika Baraka kabla yangu, ikafika Uvira, ikapanda mpaka Misisi kwenye mashimo ya dhahabu. Ilikuja kwenye simu yangu katika kundi la kwaya, kwaya ya kanisani nasema, chini yake watu wameweka nyuso za kucheka machozi. Na jirani yangu, yule shahidi wa lori, alikuja kunipongeza uani kwangu. Alisema safari hii nimewashinda, nchi nzima imeona kwamba sina kosa. Nilimwambia aondoke kabla sijammwagia maji machafu.

Nilikwenda garini nikaivuta kamera kwa nguvu. Ilining'ang'ania kioo, mate yale kweli yanashika. Kile kikadi cha ndani kinachotunza picha nilikikatakata kwa kisu cha samaki, na kamera yenyewe nikaitupa chooni. Ilikuwa kazi bure, najua. Kilichomo kwenye simu za watu hakikatwi kwa kisu. Lakini sikutaka iendelee kunisalimia.

Mama alipotoka hospitali na mguu wake wa plasta nilimpelekea ndakala na unga. Nilimkuta mkwe langoni, tukazungumza kidogo. Aliniambia jioni ile ile, kabla picha haijamfikia, aliiuza simu yake kubwa akanunua hii ya tochi, isiyoweza kupokea kitu ila sauti. Alinionyesha, akaicheka mwenyewe. Walimu wenzake wanamwita mtu wa zamani. Kisha akazunguka nyuma ya jiko, njia ya mbali, ili asipite mbele ya mama mkwe wake, kama kawaida.

Niliingia na moyo mwepesi. Nilijiambia kwamba katika uchafu wote huu nimepata kitu kimoja kisafi, na nitampa mama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu mbele yake, anachambua maharagwe. Hakuniuliza kuhusu safari wala biashara.

"Mutoto yangu," alisema, "uliniambia mukwe hakuona. Sasa juu ya nini ameuzisha simu yake?"

"Ameuzisha juu asione, mama," nikamjibu. "Picha ilikuwa haiyafika kwake. Hakuona, na hataona."

Nilitegemea atafurahi. Mikono yake ilisimama kwenye maharagwe. Alitazama kule nyuma ya jiko, ambako nyayo za mkwe wake zilikuwa bado zinasikika.

"Basi anajua kama iko kitu ya kuona," alisema.